Mabomba ya hewa ukaa Marekani: jimbo linapewa ramani, usalama unaamuliwa Washington, zimamoto wa kijijini haambiwi kitu

DerevaWaNafaka

Wakuu salaam. Nimeona nianzishe huu uzi maana humu tupo wengi tunaoishi Iowa, Dakota zote mbili, Nebraska, Minnesota, Illinois, na tukisikia habari za bomba la hewa ukaa wengi tunaona ni ugomvi wa wakulima wenye mashamba na kampuni, sisi tunapanga tu nyumba haituhusu. Inatuhusu sana. Bomba likipasuka karibu na mji hewa haiangalii nani ana hati ya shamba na nani analipa kodi ya pango.

Mimi napeleka mahindi kwenye viwanda vya ethanoli, yaani spiriti ya kuchanganya na petroli, kaskazini magharibi mwa Iowa. Mahindi yakichachushwa yanatoa CO2, yaani hiyo hewa ukaa, nyingi sana, karibu safi kabisa, na siku zote ilikuwa inaachiwa tu juu hewani au inauzwa kidogo kwa watu wa soda na barafu kavu. Sasa serikali kuu inatoa nafuu ya kodi, dola 85 kwa kila tani ukiifukia chini ya ardhi moja kwa moja, ndo hapo kampuni ya Summit Carbon Solutions ikaja na mpango wa bomba la karibu maili 2,500, yaani kama kilomita 4,000, likusanye hewa kutoka viwanda 57 kwenye majimbo matano na kwenda kuizika North Dakota. Sina shida na wazo lenyewe, niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Shida yangu ni moja: anayeamua bomba lipite wapi siye anayeamua liwe salama kiasi gani, na anayeitwa usiku likipasuka haulizwi na yeyote kati ya hao wawili.

Kwa wasiojua Satartia, nitawaelezea maana hapo ndo mjadala wote unapoanzia.

Satartia ni kijiji kidogo jimbo la Mississippi, kaunti ya Yazoo. Tarehe 22 Februari 2020, saa moja na dakika sita jioni, bomba la inchi 24 la kampuni ya Denbury lilipasuka kama maili moja kutoka kijijini. Mvua zilikuwa zimenyesha kupita kiasi miezi ile, kilima kikateleza, udongo ukalisukuma bomba mpaka likakatika pale kwenye mshono wa kuchomelea. Yalitoka mapipa 31,405 ya CO2. Upepo ulikuwa hafifu, hewa ile ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikashuka na bonde kama ukungu mweupe mpaka kijijini. Watu kama 200 walihamishwa, 45 wakaenda hospitali. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini someni walivyonusurika. Kuna wanaume watatu wa familia moja walikuwa wanarudi kuvua samaki, gari likazimika barabarani, na waokoaji walipowafikia waliwakuta wamezimia humo humo ndani. Gari lilizimika kwa sababu injini nayo inahitaji oksijeni. Yaani unataka kukimbia na kitu cha kukimbizia kinakufa pamoja na wewe.

Na watu wa uokoaji wa pale kaunti walikuwa hawajui wanakabiliana na nini. Simu zilikuwa zinaingia watu wanasema kuna harufu mbaya, kuna ukungu, mtu wangu kaanguka anatoka povu, na kampuni haikuwapigia kuwaambia bomba letu limepasuka. Walijumlisha wenyewe moja na moja. Ripoti ya serikali kuu iliyotoka Mei 2022 imeandika hivyo waziwazi.

Karibuni tujadili. Nikitulia nitaandika upande wa sheria maana ndo penye utata.

Sengo_Mwanza

Mkuu asante kwa uzi. Ila mi naomba kueleweshwa, hewa ukaa si ndo hii tunayoitoa puani kila dakika? Iko kwenye soda, iko kwenye mitungi ya kuzimia moto. Inakuwaje iue? Gesi ya kupikia naielewa maana inalipuka, hii haiwaki.

FundiBomba

Sengo ngoja nikujibu mimi, niko Omani nafanya kazi za mabomba mwaka wa ngapi huu.

Haiwaki kweli, na hilo ndo linawadanganya watu. Kwenye hewa ya kawaida CO2 ni kidogo sana, chini ya asilimia 0.05. Ikifika asilimia 4 ya hewa unayovuta, wataalamu wa usalama kazini wanahesabu kwamba hapo maisha yako hatarini papo hapo. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, akili inachanganyikiwa, huwezi hata kukumbuka mlango uko wapi. Ikiwa nyingi zaidi unazimia kwa pumzi chache tu. Na haina rangi wala harufu. Gesi ya majumbani wanaitia harufu makusudi ili ukisikia ukimbie, hii ya bomba hawaitii. Pale Satartia watu walisikia harufu ya mayai viza kwa sababu hewa ile ilichimbwa ardhini ikiwa na haidrojeni salfaidi kidogo, hii ya viwanda vya ethanoli ni safi, haitanukia kabisa.

Sasa ndani ya bomba. Hawaisafirishi kama gesi ya kawaida, wanaikandamiza kwa presha kubwa mno, mara nyingi zaidi ya psi (kipimo cha presha) 1,200 na kuendelea hadi kama 2,000, mpaka inakuwa nzito karibu kama kimiminika lakini inatiririka kama gesi. Likipasuka inatanuka kwa nguvu na inapoa vibaya sana, sehemu inageuka barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Chuma kikipoa hivyo kinakuwa rahisi kuvunjika. Na kuna tabia moja ya CO2 inayowanyima usingizi mainjinia: bomba la gesi asilia likichanika presha inashuka haraka pale kwenye ncha ya mpasuko na mpasuko unasimama, CO2 presha yake inagoma kushuka kwa muda, kwahiyo mpasuko unaweza kuendelea kukimbia kwenye bomba kama zipu inafunguliwa. Dawa yake ipo, unatumia chuma kigumu zaidi kuchanika, unaongeza unene, au unafunga pete za kuzuia mpasuko kila baada ya umbali fulani. Lakini dawa inagharimu hela na kampuni inafunga kile ambacho sheria imelazimisha.

Halafu maji. CO2 kavu haidhuru chuma, mtu wangu, ikikutana na maji ndani ya bomba inakuwa tindikali inakula chuma milimita kwa milimita. Kwahiyo kila kitu kinategemea kuikausha vizuri kule kiwandani kabla haijaingia. Kiwanda kimoja kikikosea kukausha, bomba zima linaumwa kimya kimya.

Na watu wanasema "si kuna vali, wanafunga". Ndio wanafunga, ila kilichobaki katikati ya vali mbili lazima kitoke chote. Vali zikiwa mbalimbali ni hewa nyingi hiyo.

Sengo_Mwanza

Duh. Nimekuelewa fundi, ubarikiwe.

BintiWaGoma

Bonjour bandugu. Mimi ni mutu wa Goma, sasa niko Iowa na familia miaka kazaa. Hii mambo munasema hapa siye tunaijua, kwetu tunaita mazuku. Inatoka chini ya udongo sababu ya volkano, upande wa Lac Vert na Bulengo iko mingi. Haionekane. Inalala mu mashimo na mu mabonde, zaidi usiku na asubuhi mbele jua haijapanda na upepo haiko. Mbuzi inashuka kula majani inaanguka, mbwa inafwata mbuzi nayo inaanguka. Mutoto yeye anakufa mbele ya mutu mukubwa sababu kichwa chake iko chini karibu na udongo. Wazazi wetu walitufundisha: ukiona mwenzako ameanguka mu shimo usiteremke kumuchukuwa, utabakia na yeye.

Sasa niliwaza hapa Amerika kila mutu anajua hii. Nilienda ku mukutano mumoja wa kaunti, benye kampuni wakaonyesha ramani na picha nzuri za majani imeota juu ya bomba. Nikauliza kama hewa ikikuja ku mutaa yetu usiku nitoke na batoto ao nifunge dirisha nibakie ndani? Hakuna mutu alinijibu vizuri. Walisema wataalamu watatoa mupango na zimamoto. Zimamoto mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yangu, akasema bado hajaona mupango yoyote.

DerevaWaNafaka

Dada BintiWaGoma umesema kitu kikubwa kuliko nilichoandika mimi juu kule. Huyo zimamoto aliyeketi nyuma yako ndo uzi wenyewe. Vijijini Iowa wengi wao ni watu wa kujitolea, mchana ni fundi magari au mkulima, usiku simu ikilia anavaa buti. Mitungi ya kupumulia wanayo michache, inadumu muda mfupi, vifaa vya kupima CO2 vituo vingi havina maana vile walivyonavyo vinapima gesi zinazowaka, kabonimonoksaidi na kiwango cha oksijeni, na kipima oksijeni kinachelewa kukuambia maana CO2 inakudhuru kabla oksijeni haijashuka sana. Na gari la zimamoto lenyewe ni la dizeli.

Sasa sheria. Nitaandika kwa urefu mnivumilie.

Usalama wa mabomba Marekani uko chini ya shirika linaitwa PHMSA, lipo Wizara ya Uchukuzi. Bunge la Marekani liliandika kwenye sheria ya usalama wa mabomba kwamba bomba linalovuka mipaka ya majimbo, jimbo haliruhusiwi kuliwekea viwango vyake vya usalama. Unene wa chuma, presha, vali, ukaguzi, mpango wa dharura, vyote ni Washington. Kwa bomba ambalo linaanza na kuishia ndani ya jimbo moja, jimbo likiwa na cheti kutoka PHMSA linaweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya serikali kuu bila kuyapinga. Lakini njia, yaani bomba lipite wapi, serikali kuu haina mamlaka hayo kwa CO2. Gesi asilia ina tume yake ya kitaifa inayotoa kibali cha njia, hewa ukaa haina. Kwahiyo kila jimbo linatoa kibali kivyake na sheria zake.

Ona matokeo yake. Jimbo linakaa kusikiliza kesi ya njia, wananchi mia kadhaa wanasimama kusema tunaogopa kufa, na wanasheria wa kampuni wanasimama kusema mheshimiwa hayo ni mambo ya usalama, hayapo kwenye mamlaka yako. Unakwenda Washington unaambiwa sisi hatuhusiki na njia.

Na kanuni zenyewe za Washington zina mashimo. CO2 iliingizwa kwenye kanuni za mabomba ya vimiminika vya hatari mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tafsiri yake mpaka leo ni hewa ukaa ya zaidi ya asilimia 90 iliyokandamizwa mpaka ile hali aliyoeleza fundi. Ikisafirishwa ikiwa gesi ya kawaida, kanuni hazijaigusa. Bunge liliwaagiza kwenye sheria ya 2011 watunge kanuni za gesi. Miaka ikapita. Baada ya Satartia wakatangaza 2022 kwamba wanaanza kazi ya kanuni mpya. Tarehe 15 Januari 2025 wakatoa pendekezo, lilikuwa linagusa CO2 ya hali zote, uchambuzi wa hewa itasambaa vipi, mafunzo na vifaa kwa waokoaji wa maeneo. Siku tano baadaye utawala mpya ukaingia, ukasimamisha kanuni zote zilizokuwa hazijachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na hii ilikuwa haijachapishwa. Ikaondolewa. Kwa maana hiyo mabomba yatakayojengwa sasa yanajengwa bila ulinzi ule uliopendekezwa baada ya Satartia.

Mwanasheria_Mtaani

Nyongeza hapo kwa ruhusa yako mkuu, maana kuna hukumu watu wanaisahau.

Kaunti mbili za Iowa, Shelby na Story, zilitunga sheria ndogo: bomba likae umbali fulani kutoka nyumba, shule, hospitali, na kampuni iwape watu wa dharura taarifa na mpango kabla. Summit ikazishtaki. Mahakama ya chini ikazifuta Desemba 2023, kaunti zikakata rufaa, na Juni 2025 mahakama ya rufaa ya serikali kuu (mzunguko wa 8, unaohusika na Iowa) ikakubaliana na kampuni. Sababu kwa kifupi: masharti ya kaunti yale kwa hali halisi ni viwango vya usalama na hilo ni eneo la serikali kuu, na pia yanagongana na mamlaka ya jimbo ya kutoa kibali. Mahakama ilikiri kwamba kaunti zina haki ya mipango ya ardhi kwa ujumla, ila ukiandika umbali kwa sababu unaogopa mpasuko, umeingia kwenye usalama.

Mimi binafsi naona hukumu hiyo kwa maandishi ya sheria ina mantiki, lakini inaacha watu uchi. Hasa kwenye kipengele cha mpango wa dharura. Umbali wa bomba naelewa kwanini wanataka kanuni moja nchi nzima, huwezi kila kaunti 99 za Iowa ikawa na yake. Lakini kumnyima mkuu wa dharura wa kaunti nguvu ya kisheria ya kudai karatasi inayoonyesha hewa itafika wapi, hapo sioni inamsaidia nani.

Nyati_Mweupe

Naomba nitoe hoja tofauti kidogo, msinirukie. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha ethanoli, sitataja kipi. Mahindi ya hapa zaidi ya nusu yanaishia kwenye ethanoli. Kama hatupunguzi hewa ukaa yetu masoko ya mafuta safi yanatufungia mlango, kiwanda kikifungwa ni mimi na wenzangu wengi tu kutoka Kongo, Sudan na Burundi tunaokosa kazi. Na ukweli mwingine, Marekani ina maili kama 5,000 za mabomba ya CO2 toka miaka ya 1970, hasa Texas, New Mexico na Wyoming kwa ajili ya visima vya mafuta, na katika muda wote huo hakuna mwananchi aliyekufa kwa kupasuka kwake. Linganisheni na gesi asilia, linganisheni na malori. Tusiogopeshe watu kupita kiasi.

DerevaWaNafaka

Nyati hatukurukii kaka, unachosema ni kweli na mkate wangu nami unatoka hapo hapo kwenye mahindi. Lakini naomba uangalie hizo maili 5,000 ziko wapi. Nyingi zinapita nyika kavu za Texas magharibi na Wyoming ambako unaendesha nusu saa huoni nyumba. Hili la sasa linakwenda kwenye mashamba yenye nyumba, shule na miji midogo. Rekodi ya kule haiwezi kuwa dhamana ya huku moja kwa moja.

Na Satartia hakufa mtu kwa sababu kuna askari na wazimamoto waliingia kwenye ule ukungu kutoa watu mmoja mmoja, na kwa sababu kijiji ni kidogo. Bomba lile lilipita nje ya kijiji, na kampuni ilipochora hesabu zake za hewa itafika wapi, Satartia haikuwemo kabisa kwenye eneo linaloweza kuathirika. Ripoti ya PHMSA imesema hivyo. Yaani kwenye karatasi za kampuni wale watu 45 walikuwa mahali salama! Na kwa kuwa hawakuwemo kwenye hesabu, hata zile barua za kuwaelimisha wakazi hawakupewa ipasavyo. PHMSA ikapendekeza faini ya dola milioni 3.87, wakamalizana kwa karibu milioni 2.9. Mwishoni mwa 2023 kampuni ikanunuliwa na ExxonMobil kwa dola bilioni 4.9. Weka hizo namba mbili pamoja.

Halafu Aprili 2024 mtandao huo huo ukavuja tena, Sulphur jimbo la Louisiana, kwenye kituo cha pampu. Mapipa zaidi ya 2,500, ilichukua kama saa mbili kuziba, watu wakaambiwa wajifungie ndani. Miaka minne baada ya Satartia.

FundiBomba

Kuhusu hesabu za kusambaa hewa niongeze. Kuna programu rahisi ambazo zinachukulia ardhi ni tambarare kama meza. CO2 haifuati meza, inafuata bonde, mtaro, mto. Ukiwa na sehemu yenye vilima lazima utumie hesabu nzito zinazoingiza sura ya ardhi na upepo wa usiku. Inagharimu, lakini sio gharama ya kuua mradi wa mabilioni. Hili mimi ningeliweka la kwanza kwenye kanuni yoyote. La pili, udongo unaoteleza: bomba likipita kwenye mteremko ufuatiliwe mvua ikizidi, vipimo vya kusogea kwa udongo vipo na vinauzwa. Satartia halikuoza bomba, lilisukumwa na kilima.

Kipepeo_Nairobi

Nafuatilia kutoka Kenya. Swali, kwa hivyo majimbo yote yamefungwa mikono? Hakuna hata moja limepata njia ya kujitetea? Na kwetu je, tunayo haya mabomba? Najua Kereita kule Lari wanachimba CO2 asilia ya kutengeneza soda.

DerevaWaNafaka

Kipepeo nianze na la mwisho: Kereita, na Rungwe kule Mbeya, ni visima vya CO2 asilia, inasafishwa na kubebwa kwa matenki na mitungi kwenda viwanda vya vinywaji. Sio bomba la mamia ya maili kupita vijijini, kwahiyo ni habari nyingine.

Majimbo hayajafungwa mikono yote, kila moja limetafuta mlango wake, na ukiyaangalia utaona wanazunguka lile neno "usalama" kwa sababu ndo lililofungwa.

South Dakota walishika upande wa ardhi. Tume yao ilikataa ombi la Summit Septemba 2023, mahakama kuu ya jimbo Agosti 2024 ikasema kampuni haijathibitisha kuwa ni msafirishaji wa umma, ambayo ndo sifa ya kukuwezesha kuchukua ardhi ya mtu kwa nguvu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kupunguza nguvu ya kaunti, wananchi wakaipigia kura Novemba 2024 wakaikataa. Machi 2025 gavana Larry Rhoden akasaini sheria kwamba bomba la CO2 haliwezi kutumia mamlaka ya kutwaa ardhi kabisa. Mwezi uliofuata tume ikakataa ombi mara ya pili. Hakuna hata kimoja hapo kilichoandikwa kwa jina la usalama, ila waliosimama kwenye vikao walikuwa wanaongelea Satartia.

Iowa imekuwa kinyume. Bodi ilitoa kibali Juni 2024 pamoja na haki ya kutwaa ardhi. Bunge 2025 likapitisha muswada wa kubana, ukiwemo na masharti ya bima kubwa zaidi, gavana Kim Reynolds akaupiga veto Juni. North Dakota ilikataa 2023 ikakubali Novemba 2024, Minnesota ikakubali kipande cha maili 28 Desemba mwaka huo huo. Mradi mwingine wa bomba kama hili, wa kampuni ya Navigator, wao walishaondoka Oktoba 2023 baada ya kugonga ukuta majimboni.

Illinois ndo waliotumia njia ninayoiheshimu. Gavana Pritzker alisaini Julai 2024 sheria iliyosimamisha ujenzi wa mabomba ya CO2 mpaka PHMSA imalize kanuni mpya au ifike tarehe 1 Julai 2026, chochote kitakachotangulia. Hawakusema tunaweka viwango vyetu, walisema tunasubiri vya kwenu. Tatizo ni hilo la 2026, waliandika wakiamini kanuni itakuwa imetoka.

California wao walipiga marufuku 2022 kwa mtindo huo huo, tena bila tarehe ya kuisha. Kanuni ya Washington ilipoondolewa wakajikuta wamekwama, mwaka 2025 wakatunga sheria ya kumpa mkuu wa zimamoto wa jimbo mamlaka ya kuandika kanuni za mabomba ya CO2 yanayoanzia na kuishia ndani ya California. Wanaweza kwa sababu ya kile kipengele cha ndani ya jimbo nilichoeleza. Bomba la Summit linavuka mipaka, kwahiyo Iowa haiwezi kuiga hiyo hata ikitaka.

Mwanasheria_Mtaani

Sahihi kabisa. Na niseme, kumpa zimamoto kalamu ya kuandika kanuni ni jambo la maana sana, sio kamisheni ya uchumi, ni yule ambaye watu wake wataingia kwenye ukungu.

Nyati_Mweupe

Hilo la zimamoto nakubali asilimia mia. Hata kiwandani tunafanya mazoezi, kengele za CO2 zipo ukutani maana kwenye vyumba vya kuchachushia ni hatari inayojulikana. Sasa najiuliza kwanini ndani ya uzio wa kiwanda nina kengele na mita shingoni, halafu hewa hiyo hiyo ikitoka nje ya uzio mtu mwenye nyumba hana chochote. Kampuni yangu ingenunua vipimo kwa ajili ya vituo vya zimamoto vya njiani, sidhani hata mtu wa uhasibu angeshtuka.

BintiWaGoma

Nyati asante ndugu, umesema kweli. Sasa mutuambie siye batu wa kawaida tufanye nini, sababu kanuni ya Washington siwezi kuandika mimi.

DerevaWaNafaka

Dada, mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Kila kaunti ina afisa wa menejimenti ya dharura, ofisi yake mara nyingi iko jengo la sherifu. Nenda umuulize ana ramani ya kusambaa kwa hewa ya bomba hilo au hana, na kama hana aiombe kampuni kwa maandishi, jibu au ukimya wao ubaki kwenye faili. Muulize tahadhari ya simu inatumwa kwa lugha gani, maana mtaani kwetu watu wanaongea Kiswahili, Kifaransa, Kihispania, ujumbe wa Kiingereza wa saa nane usiku hautamsaidia bibi. Muulize zimamoto wana mita za CO2 ngapi. Sheria ya Iowa inalazimisha kampuni ifanye mkutano wa taarifa kwenye kila kaunti kabla ya kuomba kibali, na ombi likishafunguliwa mtu yeyote anaweza kuandika maoni, hata asiye raia. Maoni hayo yanaingia kwenye kumbukumbu za kesi.

Kuhusu lile swali lako la usiku: jibu linategemea uko umbali gani na upepo unatoka wapi, ndo maana lazima litoke kwa mtu mwenye ile ramani. Ila kama huna taarifa na unaona ukungu mzito unatambaa chini, kanuni ya wazazi wako wa Goma inafanya kazi: panda juu, usishuke bondeni, nenda kinyume na upande hewa inakoelekea, na usilitegemee gari la petroli kulivuka wingu. Ukijikuta umechelewa kutoka, ndani ya nyumba ghorofa ya juu milango imefungwa ni afadhali kuliko chumba cha chini ya ardhi. Huku kwetu wengi tunalala huko chini maana ndo bei nafuu.

BintiWaGoma

Siye tunalala chini. Batoto wote wanne. Kesho naenda ku hiyo ofisi ya sherifu.

Sengo_Mwanza

Dada ukirudi tuletee walichojibu hapa hapa, mita ngapi na ramani ipo au haipo.